Wahandisi wanapoitana toka inchi mbalimbali: mkutano unapangwa namna gani, na mtu wa Masisi ao Walikale anafikaje

Chama cha wahandisi si kampuni na si shirika la msaada. Ni watu wa kazi moja, wale tunaowaita hapa kwetu maenjeniere, waliojiunga ili kulinda kazi yao, kufundishana, na kutoa sauti moja mbele ya serikali. Wanaolipwa mshahara ndani yake ni wachache, wale wa ofisi tu. Prezida, sekretere, mtunza hazina, wakubwa wa matawi: karibu wote wanajitolea. Mchana wako kwenye kazi ya umeme, ya maji ao ya barabara. Usiku wanajibu barua za chama. Mtu aliyewahi kuongoza salongo katika kartie yake anaelewa haraka. Hakuna anayemlipa, lakini mtaro ukiziba wote wanamtazama yeye.

Mara kwa mara viongozi hao wanaitana toka inchi mbalimbali. Mfano mkubwa ni IEEE, chama cha wahandisi wa umeme, elektroniki na kompyuta. Mizizi yake ni ya mwaka 1884 huko Marekani, jina la leo lilikuja mwaka 1963 wakati vyama viwili vilipoungana, na leo kina wanachama zaidi ya 400,000. Afrika imewekwa pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati ndani ya kanda moja, kanda ya 8. Viongozi wa matawi ya dunia nzima walikutana Amsterdam mwaka 2014, Sydney mwaka 2017, Ottawa mwaka 2023. Kule watu hawaendi kusoma utafiti wao. Wanajifunza namna ya kuendesha tawi, wanabishana, na mwishoni wajumbe wanapiga kura juu ya mapendekezo yatakayopelekwa kwa wakubwa wa chama. Kwa hiyo asiyekuwa ndani ya chumba siku ile, shida yake haipigiwi kura.

Kuna pia WFEO, shirikisho la dunia la mashirika ya wahandisi. Lilizaliwa Paris tarehe 4 mwezi wa tatu 1968, chini ya UNESCO. Mkutano wake mkubwa ulifanyika Melbourne mwaka 2019 na Prague mwaka 2023. Tarehe ile ya kuzaliwa ndiyo UNESCO iliyoikubali mwaka 2019 kuwa Siku ya Dunia ya Uhandisi.

Karibu zaidi na sisi, Kigali ilipokea juma la uhandisi la Afrika mwezi wa tisa 2017. AFRICON, mkutano wa IEEE kwa Afrika, ulipangiwa Arusha mwaka 2021, lakini Korona ikafanya wengi wafuate kwa intaneti. Mwaka 2023 ukafanyika Nairobi. Hiyo ni mikutano ya sayansi zaidi kuliko ya viongozi, lakini wanaoipanga ni watu wale wale wa kujitolea. Na toka kwenye bariere ya Goma mpaka Kigali ni safari ya basi ya saa chache tu. Umbali wa ramani peke yake hauelezi kwa nini mtu wa kwetu hayuko.

Kuna sababu ya kujali jambo hili hata kama wewe si enjeniere. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022. Miaka kumi mbele ya hapo, mwisho wa mwaka 2012, Kenya, Tanzania na Uganda zilitia saini mapatano ya kutambua wahandisi wa kila upande; Rwanda ikaingia nyuma. Enjeniere aliyeandikishwa Nairobi anaweza kutambuliwa Kampala bila kuanza upya. Mapatano hayo yaliandikwa wakati sisi hatukuwa mezani. Kijana anayesoma ujenzi Goma, kule ULPGL ao ISTA, ao Butembo kwenye IBTP, anakuta mlango uliotengenezwa na wengine kwa kipimo chao.

Kalenda inahesabiwa kwa kurudi nyuma

Vyama vikubwa vinachagua mji miaka miwili ao mitatu mapema. Inaundwa komite, na ndani yake vikundi: wa programu, wa pesa, wa kupokea wageni, wa tafsiri na vyombo vya sauti. Pesa zinatoka sehemu tatu: ada ya kuingia, michango ya wanachama, na makampuni yanayotaka jina lao lionekane. Hayo yote yako sawa na arusi kubwa, na aliyepanga arusi anajua ugomvi utatokea wapi.

Kosa tunaloliona ni mpangilio wa kazi. Komite nyingi zinaanza na ukumbi, zinafuata hoteli, zinafuata watoa hotuba, na mwisho kabisa ndipo zinauliza wajumbe ni nani. Mwenye paspoti ya Ulaya haimsumbui, anakata tiketi juma moja mbele. Kwetu haiendi hivyo. Mkutano unapaswa kupangwa kwa kuanzia mjumbe anayetoka mbali na mwenye karatasi ngumu, halafu kuhesabu siku kwa kurudi nyuma.

Tuhesabu pamoja. Mkutano uko Ulaya, ndani ya inchi za Schengen. Sheria yao inasema ombi la viza linapokelewa kuanzia miezi sita mbele ya safari, na si chini ya siku 15. Jibu la kawaida linatoka ndani ya siku 15, lakini linaweza kuvutwa mpaka siku 45. Mkongomani anapeleka faili yake Kinshasa, na toka Goma mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1,500 kwa ndege. Lazima awe na bima ya afya isiyopungua euro 30,000, paspoti itakayobaki na nguvu miezi mitatu nyuma ya kutoka Ulaya, na alama ya hoteli na ya tiketi. Weka juu yake muda wa kupata randevu, ambao hauko mikononi mwake. Barua ya mwaliko ikitoka miezi miwili mbele ya mkutano, mjumbe huyo amekwisha kupotea, hata kama jina lake limechapwa vizuri katika programu.

Hii si hofu ya bure. Mwaka 2022, mkutano wa dunia juu ya UKIMWI ulifanyika Montreal, huko Kanada, na wajumbe mamia, wengi wao wa Afrika, walinyimwa viza ao hawakujibiwa kwa wakati. Watu walizungumza juu ya ugonjwa unaoumiza Afrika kuliko bara lolote, na viti vya Waafrika viko wazi. Wapangaji wenyewe walilaumu jambo hilo hadharani.

Kwa hiyo mji wa mkutano ni uamuzi wa haki, si wa uzuri wa hoteli. Kenya iliondoa viza kwa Wakongomani mwaka 2023. Mkutano ukiwa Nairobi, nusu ya faili hiyo ndefu inaanguka.

Toka Nyabiondo ao Kibua mpaka kwenye mlango wa ndege

Sasa tuje nyumbani. Barabara inayotoka Sake inapanda Mushaki, inafika Masisi-kati, inateremka Nyabiondo, Kashebere, Kibua, mpaka Walikale. Katika ramani ni mstari mmoja. Wakati wa mvua, kamio inaweza kulala siku nyingi ndani ya potopoto, na mototaxi ndiyo inabaki kuwa gari la wote: la mgonjwa, la mwalimu, la gunia la maharagi. Upande wa pili iko barabara ya taifa namba 3, toka Bukavu kupitia Bunyakiri na Hombo mpaka Walikale, halafu Lubutu na Kisangani. Walikale peke yake ina zaidi ya kilometa za mraba 23,000, teritware kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini. Masisi haifiki 5,000.

Juu ya hayo kuna vita. M23 iliingia Masisi-kati mwanzoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na Goma mwisho wa mwezi huo. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa kwa abiria na banki zikafunga milango. Walikale-kati ilichukuliwa mwezi wa tatu, na mwanzoni mwa mwezi wa nne M23 ikatoka. Mkaaji anayesoma hapa hana haja ya kuelezwa zaidi. Lakini komite iliyoketi Ulaya ao Nairobi inahitaji kuelezwa, maana kuna jambo moja isilolifikiria: faili ya viza inaomba karatasi ya banki ya miezi ya nyuma. Banki ikifungwa, enjeniere mwenye kazi na mwenye pesa kwenye M-Pesa ao Airtel Money anaonekana mbele ya konsula sawa na mtu asiyekuwa na kitu. Dawa yake iko, na ni ya barua tu. Mwaliko useme wazi kwamba chama kinabeba tiketi, hoteli, bima na chakula, utaje tarehe, uandike jina herufi kwa herufi sawa na paspoti, na utiwe saini na mtu ambaye ubalozi unaweza kumpigia simu. Mwaliko wa mistari mitatu, wenye maneno matamu na bila pesa, unamharibia mtu kuliko kumsaidia.

Na pesa zitumwe mbele. Mpango wa kusema “lipa kwanza, tutakurudishia” unafaa kwa mwenye karte ya banki. Kwa wengine ni mlango uliofungwa kwa adabu.

Mjumbe wa kwetu anabeba nini

Hapa ndipo tunaona jambo linalosahauliwa. Watu wanadhani mtu wa Walikale anaenda kwenye mkutano wa namna hiyo kuomba. Anaenda pia na ujuzi ambao wengine hawana.

Fikiri Kilambo. Kwa miaka mingi, wakati mawe ya kasiterite yalipokuwa yakitoka Bisie kwa migongo ya watu ndani ya pori, ndege ndogo kutoka Goma zilikuwa zinatua juu ya kipande cha lami cha barabara ya taifa, pale Kilambo, si mbali na Walikale-kati. Barabara ilikuwa uwanja wa ndege. Watu na moto walisimamishwa pembeni, ndege inashuka, inapakia, inaruka, watu wanaendelea. Lami ya barabara inatengenezwa kubeba magurudumu ya kamio, si pigo la ndege inayotua, na bado ilifanya kazi. Mhandisi wa barabara kutoka inchi yoyote angetaka kusikia hadisi hiyo, na angetaka vipimo.

Ao fikiri bariere ya mvua. Mvua ikinyesha, wakantonie wa komite ya barabara wanafunga fito, kamio nzito zinangoja saa kadhaa mpaka udongo ukauke. Madereva wanatukana, na mara nyingine fito inageuzwa njia ya kudai pesa, lazima tuseme ukweli. Lakini inapofuatwa, barabara ya udongo inaishi muda mrefu zaidi kwa gharama ya fito moja na mtu mmoja. Wakantonie pia wanajua kwamba barabara inauawa na maji kabla ya kuuawa na kamio: mtaro ukizibwa, maji yanapita katikati, na kilalo kinaanguka si kwa sababu miti imeoza, bali kwa sababu mto umekula udongo chini ya miguu yake. Kule Kalehe, tarehe 4 mwezi wa tano 2023, maji na mawe yaliposhuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, zaidi ya watu 400 walikufa. Milima ya Masisi imekatwa miti sawa na ile.

Ujuzi huo ukibaki mdomoni haupigiwi kura. Kwa hiyo kabla ya kutafuta viza, tawi ao kikundi cha wanafunzi wa ujenzi kifanye kazi ya daftari. Kila kilalo kiwe na ukurasa wake: jina la mto, urefu na upana, kimejengwa kwa miti ao chuma, uzito unaopita, maji yalipanda mpaka wapi mwaka gani, kimeanguka mara ngapi, nani alikitengeneza na kwa pesa ya nani. Mita ya fundi na simu yenye kamera vinatosha. Tahadhari moja: katika eneo la vita, mtu anayepima vilalo na kupiga picha anaweza kudhaniwa mpelelezi. Chefu wa lokalite ajulishwe, mkubwa wa barabara ajulishwe, na pale ambapo silaha ziko karibu, daftari lingoje.

Lugha nayo ipangwe. Mikutano mingi ni ya Kiingereza, na enjeniere wetu alisoma kwa Kifaransa. Komite ikitaka kumsikia, itafute mtafsiri mapema ao ikubali maandishi yake ya Kifaransa. Kufuata kwa intaneti kunasaidia, na Korona ilionyesha kwamba inawezekana, lakini kwa Masisi-kati ao Walikale hesabu pia mafuta ya gurupu na siku ambazo resó haiko. Video iliyorekodiwa mbele, ikatumwa toka Goma ao Bukavu, ni salama kuliko kungoja zamu yako ukiwa kwenye skrini inayokatika.

Kwa wale ambao hawatapata safari, tarehe 4 mwezi wa tatu haiombi viza. Shule ya ufundi, wakantonie, Office des Routes, mafundi wa umeme wa turbine ndogo za mito na komite za maji wanaweza kukaa siku moja ndani ya salle ya parokia, daftari za vilalo ziko mezani. Maazimio yatakayotoka pale, yakitiwa saini na kutumwa kwa Kifaransa na Kiingereza miezi sita mbele ya mkutano mkubwa, yanaweza kusomwa na mjumbe wa inchi nyingine aliyekubali kuyabeba. Na anayepata bahati ya kwenda mwenyewe, akirudi apite kwenye radio, asome kura zilivyopigwa, kwa Kiswahili, kwa Kihunde na kwa Kinyanga, watu wamuulize maswali kwa simu.