Somo la Historia: Manii na Njia Yake

Leo tutazungumza juu ya mwili wa mwanamume. Wengi huona haya kulitaja jambo hili. Lakini penye haya ya namna hii ujinga hukaa, na ndoa huvunjika.

Kwa muda mrefu hapakuwa na mtu aliyejua ndani ya manii mna nini. Mwaka 1677, katika mji wa Delft, Uholanzi, alikuwako mfanya biashara wa nguo, Antonie van Leeuwenhoek. Hakusoma chuo kikuu. Alisugua vioo kwa mikono yake, akatengeneza hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho. Mwanafunzi mmoja wa udaktari alimletea manii ya mgonjwa, akasema ameona humo vijidudu hai. Leeuwenhoek akayatazama. Kisha akatazama manii yake mwenyewe, akaona viumbe vidogo vyenye mikia, vinaogelea. Hizo ndizo mbegu za kiume.

Akawaandikia wataalamu wa Royal Society, London. Naye pia aliona haya. Aliwaeleza kuwa manii yale aliyapata katika ndoa yake, bila dhambi, na kwamba wakichukizwa, barua ile wasiitangaze. Wao waliichapisha.

Karne iliyofuata, padri wa Italia, Lazzaro Spallanzani, aliwavika vyura dume suruali ndogo. Mayai ya majike hayakutoa viluwiluwi. Alipoyapaka matone yaliyobaki katika suruali zile, viluwiluwi vikatoka. Hatimaye, mwaka 1876, Mjerumani Oscar Hertwig alichunguza mnyama wa baharini mwenye miiba, akaona kiini cha mbegu kinaungana na kiini cha yai.

Basi tumejifunza kwamba manii ni kitu kimoja, na mbegu ni kitu kingine kilichomo ndani yake. Mbegu hutengenezwa katika korodani, hupanda kwa mirija miwili, kisha huchanganyika na maji ya vifuko viwili na ya tezi dume. Katika sehemu 100 za manii, mbegu ni kama sehemu 5 au pungufu.

Mkojo na manii hutokea njia moja. Manii yanapokuja, msuli wa mlango wa kibofu hujifunga, na misuli ya chini huyasukuma nje. Ni kama mkulima anayeziba mfereji mmoja ili maji yaende katika mfereji wa pili.

Msuli huo usipofunga, manii hurudi kibofuni. Mwanamume husikia raha yake, lakini hakitoki kitu, au hutoka kidogo tu. Baadaye manii hutoka pamoja na mkojo, wala hayamdhuru. Sababu zake ni kama hizi: kupasuliwa tezi dume, ugonjwa wa kisukari uliodhuru mishipa ya fahamu, kuumia uti wa mgongo, na baadhi ya dawa za tezi dume, za shinikizo la damu au za akili. Aliyeondolewa tezi dume yote pamoja na vile vifuko hana manii ya kutoa tena.

Mtu wa namna hii hakurogwa, wala uanaume wake haukwisha. Lakini huenda asipate mtoto kwa njia ya kawaida, na mara nyingi mkewe ndiye husingiziwa utasa. Hiyo ni dhuluma. Bwana na aende hospitali. Daktari atapima mkojo wake kwa hadubini, na mbegu zikionekana humo, sababu imejulikana. Wengine husaidiwa kwa dawa; wengine mbegu zao huchukuliwa katika mkojo, zikasafishwa, zikatiwa katika tumbo la uzazi la mke. Lakini mtu asiache dawa aliyopewa kabla ya kumwuliza daktari.

Maswali ya kujadiliana:
1. Manii na mbegu zina tofauti gani?
2. Mlango wa kibofu una kazi gani?
3. Mke na mume wasipopata mtoto, kwa nini wapimwe wote wawili?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.