Unyevunyevu katika nyumba za matofali: Kwa nini lipu ya saruji haiponyi kuta za Port Bell

Kila msimu wa mvua, wakazi wa nyumba za zamani za matofali katika Port Bell, kando ya Ziwa Victoria jijini Kampala, hukuta rangi imeambuka, unga mweupe umejitokeza ukutani na nguo kabatini zinanuka ukungu. Fundi huitwa, lipu mpya ya saruji hupigwa, na baada ya miezi michache doa hurudi, mara nyingi likiwa juu zaidi ya pale lilipokuwa.

Bandari hiyo, iliyopewa jina la Hesketh Bell, aliyetawala Uganda kwa niaba ya Uingereza kuanzia mwaka 1906, iko mahali pa chini mno. Mwezi Mei 2020, kina cha ziwa kilifikia mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, na kuipita rekodi ya mwaka 1964. Ziwa linapopanda, maji yaliyo chini ya ardhi ya ufukweni hupanda nalo, na msingi wa nyumba huyanyonya kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa.

Hata hivyo, si kila ukuta uliolowa umelowa kutoka chini. Doa linaloanzia sakafuni na kukoma kimo cha takriban mita moja huashiria maji ya ardhini. Lililo chini ya paa au kando ya dirisha huashiria mvua. Ukungu mweusi kwenye pembe na nyuma ya kabati hutokana na hewa ya ndani. Kwa mwenye shaka, kipande cha nailoni hubandikwa ukutani kwa siku mbili: matone yakionekana upande wa chumbani, tatizo ni hewa, yakiwa nyuma ya nailoni, tatizo ni ukuta wenyewe.

Tofali la kuchoma la zamani ni laini na lina vinyweleo. Likijengwa kwa udongo au chokaa, hunywa maji na kuyatoa tena kwa njia ya hewa. Saruji nzito na rangi ya mafuta huziba njia hiyo. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, na chumvi iliyomo hulimeng'enya tofali. Lipu ya chokaa na mchanga hukauka polepole, na si kila fundi huikubali, lakini huuacha ukuta upumue.

Kabla ya lipu yoyote, kazi huanzia nje, na gharama yake ni ndogo: kuondoa udongo uliorundikana juu ya msingi, kurekebisha mifereji ya paa na kuchimba mtaro. Ndani, yale matundu ya hewa juu ya madirisha, ambayo wengi huyaziba kwa kuogopa mbu, yafunguliwe na kuwekewa wavu. Kukausha chumba kwa sigiri ya mkaa huku milango imefungwa ni hatari: gesi yake huua.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilihusisha unyevunyevu na ukungu wa majumbani na pumu na maradhi mengine ya njia ya hewa.

Makadirio ya waashi ni kwamba ukuta hukauka kwa takriban mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Ukuta wa sentimita 23 huhitaji kama miezi tisa kabla ya kupakwa rangi.