Pembetatu za Mfarishi na Vipimo vya Kuzikatia

Mfarishi wa vipande hufanywa kwa kuunga vipande vidogo vya nguo hata viwe shuka moja. Kisha hutiwa pamba katikati na nguo nyingine chini, na tabaka zote tatu hushonwa pamoja. Aliyekata miraba tu hana taabu kubwa. Taabu huanza akitaka pembetatu, na bila pembetatu hapana nyota, wala hapana ule mtindo wa Wamarekani uitwao Ngazi ya Yakobo, wala ule wa Milima ya Kupendeza, uliopata jina lake katika kitabu cha John Bunyan cha mwaka 1678, ambacho wengi wetu tumekisoma kwa Kiswahili.

Sisi wenyewe tuliwahi kukosea mbele ya darasa. Tulitaka pembetatu mbili zikishonwa pamoja zifanye mraba wa inchi 3. Tukafikiri: mshono ni robo inchi kila upande, basi tukate mraba wa inchi 3 na nusu, tuupasue hanamu. Mabinti wakakata, wakashona kwa bidii, na kila mraba ukatoka mdogo kwa thumuni tatu za inchi hivi. Miraba minne mfululizo ikapungua zaidi ya inchi nzima, na nguo nyingi ilikwisha kukatwa.

Sababu ni hii. Katika mraba, mshono hula robo huku na robo huku, jumla nusu inchi. Lakini pembetatu ina upande wa tatu, uliokaa hanamu, nao pia hushonwa. Na mshono ule ukifika kwenye ncha kali hula urefu zaidi ya upana wake. Ukipiga hesabu kamili, kila upande mfupi wataka nyongeza ya inchi 0.854 hivi. Washonaji wameikuza kidogo wakasema thumuni saba, yaani 0.875. (Neno hili thumuni, ambalo wengi hulijua kwa sarafu ya senti hamsini tu, asili yake kwa Kiarabu ni sehemu moja ya nane, na hapa latumika kwa maana yake ya kwanza.) Kwa hiyo mraba wa kupasua ulipaswa kuwa inchi 3 na thumuni saba.

Yatupasa kuuliza: wanawake wa zamani, wengi wao wasiosoma hesabu za namna hii, walishonaje nyota zisizopotea ncha? Jibu ni kwamba hawakuihitaji thumuni saba hata kidogo. Huko Uingereza walikata karatasi kwa umbo lile lile la kipande kikiisha kushonwa, wakaikunjia nguo juu yake, wakaunga kingo kwa sindano. Liko tandiko la hariri la namna hii lililoandikwa mwaka 1718, ambalo chama cha washonaji wa mifarishi cha Uingereza kilinunua mwaka 2000. Huko Marekani wengi walitumia kigezo cha bati au cha karatasi ngumu. Walikiweka juu ya nguo, wakachora mstari kukizunguka, kisha wakakata nje ya mstari kwa kukisia. Ukingo ukienda upande si neno, maana sindano ilifuata mstari wala haikufuata ukingo.

Cherehani ndiyo iliyogeuza mambo. Singer alipata hati yake mwaka 1851, na mashine zilipoenea majumbani, wengi waliacha kuchora mstari wakashona kwa kufuata ukingo. Hapo ukingo ukawa ndio kipimo, na kigezo kikabidi kuwa na nafasi ya mshono ndani yake. Magazeti yalisaidia: Kansas City Star lilichapa vigezo vya mitindo tangu 1928 hata 1961, msomaji akavinakili. Lakini karatasi ngumu ina ila yake: penseli ikipita mara nyingi, ncha hulika, na pembetatu ya hamsini si sawa na ya kwanza.

Mwaka 1979 kampuni ya Olfa ya Japani ilitoa kisu chenye makali ya duara, kizungukacho kama gurudumu. Mshonaji hutandika nguo tabaka kadhaa juu ya mkeka wa kukatia, huegemeza kisu kwenye rula nene ya plastiki ipenyayo macho, hukata mara moja. Vigezo vikawekwa kando. Na hapo ndipo thumuni saba ilipokuwa jambo la kukariri, kwa kuwa rula iliyonyoka haijui pembetatu.

Rula za pembetatu zililetwa kuondoa mzigo huo. Ile ya kawaida hukata ukanda wenye upana wa kipande kilichokwisha kushonwa pamoja na nusu inchi tu, kama ule wa miraba, hata ukanda mmoja wa inchi 3 na nusu watoa miraba na pembetatu zinazolingana. Mkataji hukata hanamu, hupindua rula juu chini, hukata wima, na hakuna kibaki kati ya kipande na kipande. Iko na rula ya pili, ya pembetatu ambazo upande wao mrefu hukaa nje ya kipande. Hiyo huulaza upande mrefu juu ya nyuzi zilizonyoka, maana ukingo wa hanamu huvutika, na ukiwa nje hupinda kipande kizima.

Hatuoni vibaya kuitumia rula hii. Ila tumezoea kuificha kabatini mpaka mwanafunzi achore pembetatu yake kwenye karatasi pamoja na mistari ya mshono, aipime kwa mkono wake. Kisha tunampa rula, naye kwa kawaida huirudisha akidhani imevunjika, kwa kuwa ncha yake moja imekatwa butu. Twamwambia ailaze juu ya mchoro wake. Ile ncha iliyokosekana huiona mwenyewe: ni nguo ambayo ingetokeza nje ya mshono na kukatwa kwa mkasi baadaye, nayo ndiyo tofauti kati ya nusu inchi na thumuni saba.