Nyimbo za Shule na Sauti za Akina Bibi wa Japani

Makala haya yanakusudia kueleza kwa kifupi historia ya nyimbo ambazo wanawake wazee wa Japani hupenda kuziimba wakutanapo. Tumelichagua jambo hili kwa sababu nyingi za nyimbo hizo zilianzia darasani, mikononi mwa walimu. Na yaliyozipata baadaye yanatuhusu sisi tunaofundisha lugha kwa kuimbisha.

Mwaka 1872 serikali ya Japani ilitoa sheria ya elimu iliyolitaja somo la kuimba, lakini ikaongeza kuwa kwa wakati ule lisifundishwe. Mwaka 1879 iliundwa ofisi ya kuchunguza muziki chini ya Isawa Shuji, na mwaka uliofuata akaitwa mwalimu kutoka Boston, Luther Whiting Mason, ili asaidie kazi hiyo. Vitabu vya kwanza vya nyimbo za shule vilitungwa katika miaka hiyo ya mwanzo ya 1880. Ndani yake mlikuwa na mahadhi ya Ulaya yaliyovishwa maneno ya Kijapani. Mahadhi ya Kiskoti ya "Auld Lang Syne", kwa mfano, yakawa "Hotaru no Hikari", yaani "Mwanga wa Vimulimuli". Mahadhi hayo yana ngazi ya sauti tano tu, na Wajapani tangu zamani walizoea ngazi za sauti tano. Kwa hiyo hayakuwa mageni sana masikioni mwao.

Nia ya serikali haikuwa burudani. Wimbo ulikuwa chombo cha kufunza adabu na uzalendo. Beti za mwisho za "Hotaru no Hikari" zilihimiza utumishi kwa taifa na kuitaja mipaka yake. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945 beti hizo ziliachwa, zikabaki zile za wanafunzi wanaoagana.

Kati ya mwaka 1911 na 1914 Wizara ya Elimu ilitoa vitabu sita, kimoja kwa kila darasa la shule ya msingi. Humo ndimo ulimotokea wimbo "Furusato", mwaka 1914. Maneno yake yanahesabiwa kuwa ya Takano Tatsuyuki, mzaliwa wa Nagano, na mahadhi ni ya Okano Teiichi, mzaliwa wa Tottori. Lakini majina yao hayakuchapishwa, kwani nyimbo zilikuwa mali ya Wizara. Neno "furusato" limeundwa kwa maneno mawili, "zamani" na "kijiji". Tungelifasiri kwa Kiswahili kuwa "kwetu", pale mtu alipotoka na ambapo moyo wake haujatoka. Anayeimba yuko mbali. Anakumbuka vilima na mto wa utotoni, anawaulizia wazazi na marafiki, na anaahidi kurudi atakapotimiza alilolikusudia.

Lugha yake ni ya kale, na hapo pana kisa cha kuwachekesha walimu. Kitenzi cha kale chenye maana ya "kukimbiza", kinachosimulia jinsi watoto walivyowafukuza sungura, kinakaribiana kwa sauti na neno la leo lenye maana ya "tamu". Watoto wengi wameimba wakidhani kuwa sungura wanasifiwa kwa utamu wa nyama yao!

Mwaka 1918 Suzuki Miekichi alianzisha jarida la watoto lililoitwa "Akai Tori". Yeye na wenzake waliona kuwa nyimbo za Wizara ni kavu, wakawaomba washairi hodari wawatungie watoto. Vuguvugu hilo ndilo lililozaa nyimbo kama "Akatombo", yaani "Kerengende Mwekundu". Shairi lake ni la Miki Rofu, la mwaka 1921, nayo mahadhi yalitungwa na Yamada Kosaku mwaka 1927. Miki alitengana na mama yake alipokuwa mdogo, wazazi walipoachana. Katika wimbo mtu mzima anamkumbuka yaya aliyembeba mgongoni jioni moja ya kerengende, akaolewa akiwa na miaka kumi na mitano, kisha habari zikakatika. Yaya hatajwi jina. Alikuwa mmoja wa wasichana wengi wa nyumba maskini waliopelekwa kulea watoto wa wengine. Wanawake wanapouimba wimbo huu, wanamwimbia pia msichana huyo.

Sasa tufikie jambo zito zaidi. Mwaka 1941 shule za msingi zilibadilishwa kuwa "shule za taifa", na vita vikaingia katika masomo yote, kuimba kukiwamo. Bibi aliyezaliwa mwaka 1935 alijifunza kuimba katika shule hizo. Baada ya Japani kusalimu amri mwaka 1945, wanafunzi waliamriwa kuipaka wino mweusi mistari isiyofaa katika vitabu vyao. Yale waliyoambiwa jana na mwalimu kuwa ni kweli tupu, leo mwalimu yule yule aliwaambia wayafute. Katika siku hizo za njaa na majivu ulitokea "Ringo no Uta", "Wimbo wa Tofaa", ulioimbwa na Namiki Michiko katika filamu ya Oktoba 1945. Miezi michache kabla ya hapo, Machi 10, alikuwa amempoteza mama yake katika shambulio la mabomu la Tokyo. Hata hivyo wimbo wenyewe ni wa furaha, na watu waliupokea kama chakula.

Siku hizi akina bibi hukutana katika kumbi za mitaa na katika vituo vya kuwatunza wazee mchana. Mmoja hupiga kinanda, maneno yameandikwa kwa herufi kubwa, na nyimbo hufuata majira ya mwaka: vijito wakati wa kuchipua, kerengende na majani mekundu wakati wa kupukutika. Neno wanalolitumia ni "natsukashii". Limetokana na kitenzi kinachoeleza jinsi kiumbe anavyomzoea na kumpenda amleaye. Kwa hiyo si huzuni ya kilichopotea tu. Ni furaha ya kukutana nacho tena.

Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Serikali ya Japani iliifuata methali hiyo barabara, lakini wanawake hawa hawakubaki na umbo walilokunjwa. Kutoka katika yote waliyofundishwa wameshika mto, mama, yaya na rafiki. Sisi walimu hatuna budi kukumbuka kuwa wimbo tuufundishao leo huenda ukaimbwa miaka themanini baadaye, na mwimbaji ndiye atakayeamua ni beti ipi ya kubaki nayo. Basi tumpe beti zinazostahili kubaki.