Vyumba vya Juu Vilivyofungwa

Kompyuta yenye megabaiti nne inakosaje nafasi ya kufungua barua ya kurasa mbili? Swali hili lilitukeresha sana miaka ya tisini mwanzoni, pale nilipokuwa nachapa kazi za watu. Mashine ilikuwa ya 386, nzuri tu, inatumia DOS. Ukiweka mausi na kadi ya mtandao, programu ya kuchapia inagoma: kumbukumbu haitoshi. Wateja wamekaa kwenye benchi wanasubiri. Wengine wakasema mashine imechoka. Imechoka wapi! Ilikuwa inaishi kwenye nyumba iliyochorwa zamani.

Ramani ya nyumba hiyo ilitoka IBM, Agosti 1981. Prosesa ya kompyuta yao, Intel 8088, ilikuwa na nyaya 20 za kutajia anwani, kwa hiyo ilifika anwani 1,048,576, basi. Megabaiti moja. IBM wakaigawa kama mwenye nyumba wa Kariakoo: kilobaiti 640 za chini kwa wapangaji, yaani DOS na programu zake, na 384 za juu akajiwekea mwenyewe kwa ajili ya kioo, kadi za kuchomeka, na ile chipu ya kuwashia mashine. Hakuna aliyelia. Kompyuta ya bei ya chini siku hizo ilikuwa na kilobaiti 16 tu. (Ati Bill Gates alisema 640 zinamtosha kila mtu; mwenyewe ameyakana maneno hayo.)

Programu zote zikazoea ramani ile. Intel walipotoa 386 mwaka 1985, prosesa iliona mbali mno, lakini DOS ilibaki uani kwake. Na kumbe vile vyumba vya juu vingi vilikuwa vitupu! Kadi moja hapa, nyingine kule, katikati hamna mtu.

Digital Research walifungua milango hiyo katika DR DOS 5.0 mwaka 1990. Microsoft wakafuata Juni 1991 na MS-DOS 5.0. Uliandika mistari hii kwenye faili la CONFIG.SYS:

DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS
DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS
DOS=HIGH,UMB

Ujanja ulikuwa wa EMM386. Ilichukua kumbukumbu iliyo juu ya megabaiti ya kwanza, ikaibandika kwenye zile anwani tupu, na DOS ikadanganyika. Baada ya hapo unawahamisha wapangaji wadogo ghorofani kwa DEVICEHIGH na LOADHIGH, mmoja mmoja.

Shida zilianzia hapo. EMM386 ilikagua chumba, ikiona kimya inaingia. Kadi yetu ya mtandao ilikuwa imelala D000 mpaka D3FF, haijaamshwa bado. Ilipoamka, kitanda kina mtu. Mtandao kimya, mara nyingine mashine nzima inaganda. Dawa yake ilikuwa kuongeza X=D000-D3FF kwenye mstari wa EMM386, yaani hapa usiguse. Kinyume chake kilikuwa I=B000-B7FF: kilobaiti 32 za kioo cha rangi moja, ambazo mwenye kioo cha rangi hakuzihitaji. Ila baadhi ya kadi za kioo zilizitumia kimyakimya, na hapo unaona maandishi yanatapakaa.

Halafu mpangilio. Nafasi za juu zilikuwa vipandevipande, na mpangaji hakatwi vipande viwili. Mkubwa aingie kwanza. Zaidi ya hapo, programu nyingine hutaka nafasi kubwa wakati wa kuingia kuliko wakati wa kukaa, kama kabati linaloenea chumbani lakini haligeuki mlangoni. Fundi wetu aliandika MEM /C, akasoma orodha, akabadilisha mistari miwili, akawasha upya. Mara ya tano au ya sita hivi akaniambia, “Dogo, fungua sasa.” Ikafunguka. Wateja wakapata karatasi zao.

MS-DOS 6.0 ya 1993 ilileta MemMaker, ikawa inajipangia yenyewe. Mafundi waliibeza, maana mara nyingi mkono wa mtu ulipata kilobaiti chache zaidi. Na FreeDOS, iliyoanza 1994, ina JEMM386 yake, na X= bado inaandikwa vilevile.