Ua la nyumbani, gugu la ugenini

Kandokando ya barabara na mashamba ya Uganda mashariki, kuanzia Jinja hadi Nakaloke karibu na Mbale, hutambaa mmea wenye maua ya rangi ya chungwa na kitovu cheusi. Jina lake la kisayansi ni Thunbergia alata. Neno la kwanza ni kumbukumbu ya Carl Peter Thunberg (1743–1828), mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi. La pili ni Kilatini, maana yake "yenye mabawa", kwa kuwa vikonyo vya majani yake vina kingo pana mfano wa mabawa.

Asili ya mmea huu ni Afrika, hasa mashariki na kusini, toka pwani hadi nyanda za juu. Hupanda kwa kuzungusha shina lake kwenye mti au uzio.

Uzuri wake uliufikisha katika bustani za mabara mengine. Ulaya, baridi kali huuzuia kuenea. Lakini Australia, Hawaii na Brazili umetoroka bustanini, ukaifunika mimea ya huko na kuinyima mwanga.

Uganda nayo inaijua hasara hiyo. Gugumaji, lenye asili ya Amerika Kusini, lilisambazwa duniani kwa ajili ya maua yake, kisha likaziba ghuba za Ziwa Victoria na kutatiza uzalishaji wa umeme Jinja. Kabla ya kupanda ua geni, yafaa kuuliza kwanza kwao ni wapi.