Ufahamu mji wa Sighetu Marmației, Romania: mpaka ulihama, watu wakabaki

Huenda umewahi kusikia jina la Romania kwa sababu ya Timișoara, mji wa magharibi mwa nchi hiyo ambako mwaka 2008 kilifunguliwa kituo cha muda kwa wakimbizi wanaosubiri kuhamishiwa nchi ya tatu. Makala hii inahusu mji mwingine wa Romania, mdogo na ulio mbali na huo: Sighetu Marmației, au Sighet kwa kifupi. Historia yake inagusa mambo unayoyafahamu: mipaka, uraia na kukimbia makazi.

Mji uko wapi?

Sighet uko kaskazini kabisa mwa Romania, katika mkoa wa Maramureș, kwenye bonde lililozungukwa na milima ya Karpati. Mto Iza unaungana na mto Tisa hapo. Tisa ndio mpaka: ng'ambo yake ni Solotvyno, mji wa Ukraine unaojulikana kwa chumvi. Wakazi wa Sighet ni zaidi ya 30,000. Wengi ni Waromania, lakini wapo pia Wahungaria na Waukraine, na ipo shule ya sekondari inayofundisha kwa Kiukraine.

Nchi tofauti, nyumba ileile

Mtu aliyezaliwa Sighet mwaka 1910 alizaliwa katika dola ya Austria-Hungaria. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mji ukawa wa Romania, na mkataba wa mwaka 1920 ukathibitisha hivyo. Mwaka 1940 ulirudishwa Hungaria, na baada ya Vita vya Pili ukawa tena wa Romania. Mtu huyo angebadilishiwa serikali mara tatu bila kuhama nyumba yake.

Mwaka 1944

Kabla ya vita, maelfu ya wakazi walikuwa Wayahudi. Mwezi Mei 1944 walipakiwa kwenye treni na kupelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, ambako wengi waliuawa. Miongoni mwao alikuwemo Elie Wiesel, kijana wa miaka 15. Alipoteza wazazi wake na dada yake mdogo. Baada ya vita aliishi Ufaransa kwa miaka kadhaa, akifanya kazi ya uandishi wa habari, na alibaki bila uraia wa nchi yoyote hadi alipopata uraia wa Marekani mwaka 1963. Mwaka 1986 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Nyumba aliyozaliwa sasa ni makumbusho.

Gereza lililogeuzwa makumbusho

Katikati ya mji lipo gereza lililojengwa mwaka 1897. Kuanzia 1950 hadi 1955, serikali ya kikomunisti iliwafunga humo mawaziri wa zamani, maaskofu na wasomi. Iuliu Maniu, aliyewahi kuwa waziri mkuu, alifia humo mwaka 1953. Leo ni makumbusho ya waathirika wa ukomunisti.

Daraja la mwaka 2022

Daraja la mbao linaiunganisha Sighet na Solotvyno. Lile la zamani liliharibiwa wakati wa vita, na njia hiyo ilifunguliwa upya mwaka 2007. Vita vilipopamba moto Ukraine mwezi Februari 2022, wanawake, watoto na wazee walivuka hapo kwa miguu, katika baridi kali, wakiwa na mabegi machache. Upande wa Romania, watu walipanga wanasesere na midoli kandokando ya daraja ili kila mtoto anayepita achukue mmoja. Mwezi Machi mwaka huo, Umoja wa Ulaya uliwapa waliokimbia Ukraine ulinzi wa muda, unaojumuisha haki ya kuishi, kufanya kazi na kusoma.

Ikiwa wewe ni mwenyeji unayeishi jirani na kambi, au mkimbizi unayeishi ndani yake, kumbuka kwamba mji huo uliopokea wakimbizi uliwahi kushuhudia wakazi wake wenyewe wakiondolewa kwa nguvu.